Jicho la Manjano

Nilikuwa na kikombe mkononi, soksi moja mguuni,
nimetoka zamu ya usiku, macho yana mchanga,
kitu kikaanguka bustanini
kama sufuria iliyotupwa kutoka ghorofani.
Manyoya yakapanda, yakashuka taratibu,
ya kijivu, juu ya theluji ya jana.

Barnsley, Jumamosi, saa mbili asubuhi.
Bustani yenyewe hatua kumi na mbili kwa saba:
kamba ya nguo, pipa la majani,
baiskeli ya Zuwena isiyo na kiti,
na katikati, ndege
amesimama juu ya ndege.

Nilisema tu, "Ewe,"
kama mtu aliyemkuta mgeni jikoni mwake.

Zuwena akashuka na blanketi mabegani.
"Tai!"
Tai, mwanangu, angehitaji kibali cha halmashauri
kutua kwenye kiwanja hiki.
Nikampigia shangazi Mwanahija, Muheza,
simu nikaibandika kwenye kioo cha dirisha.
Hakungoja picha itulie:
"Mwewe huyo! Ficheni vifaranga!"
Shangazi, hatufugi kuku.
"Basi ficha mtoto."

Kwake kila mwenye kucha ni mwewe,
kama vile wodini kila mwenye rangi yangu ni Grace.
(Grace ni wa Kumasi. Yuko ghorofa ya tatu. Ana miwani.)

Basi nikamtazama kwa haki.
Mwewe mkia wake una panda;
huyu mkia mrefu, umekatwa sawa,
una mapingo ya kahawia, niliyahesabu manne.
Kozi ana jicho jeusi na masharubu ya bwana harusi;
huyu jicho lake manjano,
manjano ya taa ya njia panda
inapokuuliza utapita au utasimama.
Kifuani mistari ya kulala,
mtoto kapiga bila rula.
Miguu penseli mbili.
Kipanga.
Na kwa umbo lile, jike:
dume lake dogo, njiwa mzima angemshinda.

Nikaridhika, hata nikanywa chai yangu.
Ndipo nikaiona pete,
ya buluu, kwenye mguu wa aliye chini.

Bwana Haigh, mlango wa tatu kutoka kwetu,
zamani mchimba makaa,
njiwa thelathini na mmoja wa mashindano
katika banda la mbao alilolipaka rangi
vizuri kuliko nyumba yake.
Tulipohamia alituletea maharage mabichi
ndani ya gazeti, akaondoka kabla ya asante.

Nilimngoja kipanga amalize.
Alikula kama anayejua bei ya kila tonge.
Kisha akaruka chini chini, akaupita ua,
na mashomoro kwenye kichaka hawakujibu neno.
Nikaokota pete, na mguu wake,
nikaitia kwenye bahasha ya ankara ya gesi.

Namba aliisoma kwa kidole gumba.
Hakuuliza njiwa gani.
"Ulimwona?"
Nilimwona.
"Kozi, yule wa mnara wa kanisa?"
Hapana. Jicho la manjano.
"Mistari?"
Ya kulala.
"Jike."
Jike.
Tulisema Kiingereza, lakini kila neno langu
lilitoka kwanza kwa Kiswahili
likavaa koti mlangoni.

Akafungua daftari, akalamba ncha ya penseli,
akaandika tarehe, namba, jina la mwuaji.
Penseli ikasimama.
"Na shahidi? Miaka minne nakuandika kwa kubahatisha."
Mwanakombo, nikasema.
"K moja?"
Moja.
Akaliandika kwa herufi kubwa, ulimi nje kidogo,
akalitazama.

"Alikuwa mpumbavu, njiwa yule," akasema.
"Kila mashindano, wa mwisho kurudi."
Akaacha mlango wazi, baridi ikiingia,
akaenda bandani kuwahesabu waliobaki.